Nilizima kwa Adabu, Mwalimu

Mwalimu wa Kwaya hakuwa na subira na binadamu. Subira yake yote ilikwenda kwa mashine moja iliyokaa chumba cha nyuma cha nyumba yake, hapa Moshono, Arusha, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwanakwaya akichelewa mazoezi dakika tano alikuta mlango umefungwa, na ndani wenzake wanaimba. Mashine ikichelewa kuwaka, Mwalimu alivuta kiti, akakaa mbele yake na kikombe cha chai, akaingoja mpaka imalize mambo yake.

Mimi nilimdanganya mtu huyu. Naanza na hilo ili usije ukasoma hadi katikati ukaniona mtu mwema. Ulikuwa uongo wa kwenye simu, hata dakika mbili haukumaliza, yeye akiwa hospitalini Moshi anasubiri kupasuliwa jicho, mimi nimesimama chumbani kwake nimelowa mvua. Kilichopotea alasiri ile ni sauti ya marehemu mke wake akiimba peke yake. Alirekodiwa hivyo mara moja tu maishani. Mwalimu hakujua kwamba imepotea, mimi nilijua, na kwa miezi minne niliendelea kupokea maparachichi yake mlangoni na kusema asante.

Vijana wanaiita seva. Yeye aliiita Maktaba, na ole wako uiite kompyuta. Lilikuwa boksi jeusi, ukubwa wa kreti ya soda, lenye diski ndani na taa ndogo za kijani mbele, na pembeni yake betri ya akiba ya kuishikilia pamoja na intaneti yake umeme unapokatika. Humo alikuwa amehamishia miaka thelathini na zaidi ya kazi yake: kwaya, vipaimara, harusi na mazishi ya watu wa huku mlimani, kuanzia enzi za redio kaseti hadi za kamera ya video. Yeyote aliyempa ruhusa aliweza kuifungua kwa simu popote alipo, akatazama harusi ya wazazi wake akiwa Dodoma ama Mwanza.

Alikuwa mfupi, kichwa kikubwa, na sauti nzito iliyokushtua ukiisikia kabla ya kumwona mwenyewe. Koti la kahawia halikumtoka mwilini, jua liwake, mvua inyeshe. Masikio yake yalikuwa adhabu kwake na kwetu. Pikipiki ikipita, angekwambia iko noti gani na kwamba injini yake haifiki Krismasi. Kulikuwa na muuza samaki aliyepita mtaani asubuhi akinadi, na siku moja Mwalimu alimsimamisha, mimi nikiwa getini kwangu.

"Unaanzia juu mno, bwana," alimwambia. "Ukifika pale kwenye mashine ya kusaga unga utakuwa huna sauti. Shuka kidogo."

"Mzee, unanunua samaki ama hununui?"

"Shuka kwanza, halafu nitanunua."

Jamaa akashuka. Mwalimu akanunua sato wawili, na mpaka leo yule muuzaji ananadi kwa sauti ile ile aliyofundishwa.

Hasira zake, jamani! Kuna harusi moja kwaya ilikuwa imefika ubeti wa tatu, mshereheshaji akachukua kipaza sauti akaanza kuita watu wa keki. Mwalimu akashusha mikono, kwaya ikanyamaza. Akaenda akaketi na kusema hainuki mpaka mshereheshaji aombe radhi kwenye kipaza sauti hicho hicho. Bibi harusi amesimama na kisu cha keki, baba yake anambembeleza Mwalimu kwa Kimeru, mshereheshaji anacheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Jamaa aliomba radhi, na Mwalimu akauanza wimbo upya kutoka ubeti wa kwanza. Alikuwa akisema kinachoimba kinaachwa kimalize, na alisema hivyo kwa watu, kwa redio na kwa mashine yake.

Halafu unashindwa kumwelewa. Mtu huyu huyu hakusemezana na jirani yake wa upande wa chini kwa miaka miwili, sababu ni ua wa michongoma uliosogezwa hatua moja. Hata salamu hakuna. Lakini baba wa jirani yule alipofariki, Mwalimu alikaa siku tatu akisafisha mkanda wenye sauti ya marehemu akisoma somo kanisani, akaupeleka mwenyewe, akauweka mezani kwa jirani, akaondoka bila kusema neno. Kesho yake kununa kukaendelea pale pale kulipoishia. Nakwambia haya ili uelewe nilichokuwa nakiogopa. Mtu anayeweza kununa miaka miwili kwa ajili ya michongoma, ukimpotezea sauti ya mke wake atakufanyaje?

Jumapili baada ya ibada watu walikuja kwake kuona watu wao. Aliwaketisha, akawawekea spika za masikioni, akawapa chai, kisha akatoka nje kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa, ameligeuzia dirisha mgongo. Alikuja fundi magari mmoja wa Ngarenaro, na ovaroli lake la kazi, akaomba ibada fulani ya zamani. Hakutaka wimbo wala mahubiri. Alitaka mahali ambapo baba yake, aliyekuwa mzee wa kanisa, anakohoa kabla ya kusoma matangazo. Alikirudia kile kikohozi mara sita, akalia, akamshukuru Mwalimu, akarudi gereji.

"Sikilizeni," Mwalimu aliwaambia wafiwa. "Inauma, lakini inasaidia."

Yeye mwenyewe hakuwahi kumsikiliza mke wake, na ilikuwa miaka sita tangu amzike. Yule mama aliimba sauti ya kwanza, siku zote katikati ya wenzake, usingeweza kumtenga. Ila siku moja ya mazoezi wenzake walichelewa kwa mvua, na Mwalimu akamwambia aimbe peke yake wimbo wa mavuno ambao Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza ameutunga, waone kama unaimbika. Redio kaseti ilikuwa inarekodi. Basi, hiyo tu, dakika nne. Niliwahi kumuuliza mbona haisikilizi.

"Ipo," alisema. "Nitaisikiliza nikiwa tayari. Mradi ipo."

Mimi nina steshenari Ngarenaro, nachapa barua na kutoa fotokopi. Tulijuana kwa ugomvi. Alileta nota za kwaya nimtolee nakala arobaini, nikazitoa zimepinda kidogo, akanigombeza mbele ya wateja, nami nikamwambia kama anataka mistari iliyonyooka akanunue rula. Alicheka mpaka akashika kaunta. Wiki iliyofuata akanikaribisha kuiona Maktaba.

"Mama Faraja, una mdomo," alisema. "Lakini mikono yako imetulia. Nataka nikufundishe kuizima."

Kuizima! Nilidhani ni kubonyeza swichi. Alinifanyisha mazoezi mara saba. Hatua zote alikuwa ameziandika kwa mkono kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Kwanza unaangalia kwenye skrini kama kuna mtu anatazama. Kama yupo unampigia simu umjulishe, na ni simu, si ujumbe, kwa sababu wazee hawasomi ujumbe. Zamani aliwahi kumzimia ghafla mjane mmoja akiwa katikati ya kutazama mazishi ya mumewe, yule mama akalia siku nzima, na tangu hapo ikawa sheria kwamba hakuna anayekatwa bila kuambiwa. Ukishamjulisha, unasimamisha kazi yoyote ambayo mashine inafanya. Kisha unaiamuru ilale, unangoja taa ziache kuchezacheza, unangoja feni inyamaze, ndipo unagusa swichi ya ukutani. Mpangilio huo aliuita kuzima kwa adabu.

Safari zake zote za nyuma aliizima mwenyewe. Aliwapigia watazamaji mmoja mmoja, akaiacha imelala, akaifunika kitambaa cha kufuma, ndipo akabeba begi. Safari ya Moshi ilikuja tofauti. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zimeanza, na miadi ile ya jicho alikuwa ameisubiri karibu mwaka mzima, kuahirisha haiwezekani. Wakati huo huo diski moja ilikuwa imezeeka, inagonga ko, ko, ko, na alikuwa ameiamuru mashine ihamishe kila kilichomo kwenda diski mpya. Ilikuwa kazi ya siku tatu, na alipoondoka ilikuwa imebaki siku moja na ushei. Akiizima, aliogopa diski ile ya zamani haitaamka tena.

"Umeme ukikatika una dakika ishirini," aliniambia akinikabidhi funguo. "Betri nayo imechoka, usiiamini sana. Fuata karatasi. Usiruke hatua."

"Sawa, Mwalimu."

"Rudia."

"Sitaruka hatua, Mwalimu."

Kesho yake, Alhamisi, saa tisa alasiri, umeme ukakatika. Nilikuwa nyumbani nachemsha maharage. Nilizima jiko, nikajitupia kanga kichwani, nikakimbia kwenye tope, kandambili moja ikabaki njiani. Kabla sijafungua mlango nilishaisikia betri inalia: pii, kimya, pii. Skrini inaonyesha dakika kumi na nne. Kumi na nne? Si alisema ishirini?

Nikaangalia skrini. Uhamishaji ulikuwa umefika mwisho kabisa, imebaki faili moja, na hiyo moja ndiyo ilikuwa inahama wakati ule, kwa kukwamakwama, diski ya zamani ikigonga. Jina aliliandika Mwalimu mwenyewe: MAMA, PEKE YAKE. Na juu, pembeni, pameandikwa mtazamaji mmoja. Alikuwa Koko, yaani bibi, ndivyo tulivyomwita wote, mama mzee wa Oldonyo Sambu, ng'ambo ya mlima. Mwanawe alimnunulia tableti, na kila Alhamisi alasiri alitazama kipaimara cha binti yake aliyefariki akiwa msichana.

Nikiwa na akili za leo ningesimamisha uhamishaji kwanza, Koko angesubiri. Lakini karatasi ilisema mtazamaji kwanza, nami nilikuwa nimeahidi. Nikapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Pii, pii. Dakika kumi na moja.

"Haloo?"

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Ni Mama Faraja, Koko, jirani wa Mwalimu wa Kwaya, huku Moshono."

"Aa, Mama Faraja! Hujambo? Faraja hajambo? Anasoma?"

"Hajambo, Koko, anasoma. Koko, nilikuwa nataka..."

"Na baba Faraja?"

"Yupo, mzima. Koko, umeme..."

"Huko mvua imenyesha? Sisi huku imenyesha, juzi tumepanda maharage, ng'ombe wana majani. Sidai, vizuri kabisa, tunamshukuru Mungu."

Sasa wewe niambie, utamkatiza vipi? Mtu wa umri wa bibi yako anakuuliza habari za watoto, umwambie kaa kimya? Sikulelewa hivyo. Nilijibu mvua, nikajibu ng'ombe, nikauliza mgongo wake unaendeleaje, jasho linanitoka. Dakika nane. Hapo nikapenyeza maneno yangu.

"Koko, huku umeme umekatika, naomba nizime mashine ya Mwalimu. Picha yako itapotea."

"Haya, mwanangu, haina shida. Ngoja tu askofu amwekee mikono. Amebaki mmoja mbele yake kwenye mstari."

Nikangoja. Kwenye simu nilisikia kinanda, nikasikia watu wanakohoa kanisani, nikasikia Koko anataja jina la binti yake polepole. Nilishika kipanya, nikakiachia, nikakishika tena. Dakika sita.

"Tayari," alisema, na sauti yake ilikuwa na machozi. "Asante kwa kunisubiri. Kwani Mwalimu mwenyewe yuko wapi?"

Nikakosea, nikasema ukweli. "Yuko hospitali, Moshi. Kesho anapasuliwa jicho."

"Jicho! Basi tumwombee, mwanangu. Tuinamishe vichwa."

Akaanza hapo hapo, kwa kumshukuru Mungu kwa mvua. Nami nikainamisha kichwa, nikafumba macho. Naam, nilifumba. Mwili wangu ulifumba wenyewe, umezoea kufumba kila ukisikia maombi tangu nina miaka mitatu. Aliwaombea madaktari, akaiombea mikono yao, akaombea taa za chumba cha upasuaji zisizimike. Zile pii zikaungana zikawa mlio mmoja. Nikajisemea moyoni, tulia, dakika tano bado zipo, mama mzee atamaliza sasa hivi. Nikasikia kitu kinasema tak, kidogo sana. Koko akasema Amina, nami nikasema Amina, nikafumbua macho. Skrini ilikuwa nyeusi.

Umeme ulirudi baada ya saa moja. Mashine ikawaka, diski mpya ikawaka, diski ya zamani ikagonga mara tatu na haikugonga tena. Yakaja maandishi mekundu kwamba faili moja haikukamilika. Nikaifungua. Mwanamke akaanza kuimba, sauti nyembamba, safi, nyuma yake mvua inasikika juu ya bati. Sekunde arobaini. Akavuta pumzi kuingia ubeti wa pili, pakawa kimya. Nikaifungua tena, na tena, nikiomba Mungu ipite pale. Nilikuwa bado nahangaika nayo simu yangu ilipoita.

"Mama Faraja. Nasikia umeme ulikatika huko."

"Ulikatika, Mwalimu."

"Ulizima?"

"Nilizima, Mwalimu."

"Kwa adabu?"

Nilimsikia anavyopumua. Nyuma yake mtu alikuwa anasukuma kitoroli kwenye sakafu. Nikajiambia kwamba mtu anapasuliwa kesho, huwezi kumpa habari hii leo.

"Nilizima kwa adabu, Mwalimu."

"Mungu akubariki," alisema, akakata simu.

Nikabonyeza sawa kwenye yale maandishi mekundu, yakaondoka.

Alirudi na miwani myeusi na masharti: asiiname, asibebe mzigo, asilie. Asilie! Unaona shetani anavyokupa sababu? Nikasema nitamwambia akimaliza dawa. Alipomaliza dawa nikasema baada ya Pasaka. Pasaka ikapita. Aliikuta diski ya zamani imekufa, akaichomoa, akaipigapiga kwenye kiganja. "Imekufa ikiwa imemaliza kazi yake," alisema, kwa sababu kwenye orodha majina yote yalikuwapo, la mke wake likiwa la mwisho. Jina lilikuwapo kweli. Zaidi ya jina hakuangalia, maana hakuwa tayari.

Ubaya ni kwamba alianza kuwa mwema. Ukali wake nilijua kuishi nao, wema wake ndio ulionimaliza. Aliniletea maparachichi ameyabeba kwenye kofia. Alinisimamisha mbele ya kwaya nzima, mimi nisiyejua hata kuimba, akasema, "Huyu mama nilimwachia kitu changu cha thamani kuliko vyote, akakitunza. Ninyi nikiwaachia nota tu mnapoteza." Watu wakapiga makofi. Nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka mazoezi yalipoisha. Zile sekunde arobaini nilikuwa nimezihamishia kwenye simu yangu, nazisikiliza dukani mchana wateja wakiwa hawapo. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nilikuwa naumia, ndicho ninachokijua.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, baridi ile ya Arusha ya kuingia mifupani, Meru haionekani kwa ukungu, alinipigia simu akasema neno moja, "Njoo." Nikaenda. Nilikuta viti viwili mbele ya mashine. Alikuwa amenyoa ndevu, amefunga tai, na chai imeshamiminwa.

"Leo niko tayari," alisema. "Sikutaka kumsikiliza peke yangu. Nikasema aliyemtunza ndiye akae na mimi."

Akanyoosha mkono kwenye kipanya. Nikaushika mkono wake. Sijawahi kumshika mzee namna ile, niliushika kwa nguvu mpaka akanigeukia.

"Mwalimu, usifungue. Sikuzima kwa adabu."

Nikamweleza yote: mvua, kandambili, simu, Koko, maombi, macho niliyoyafumba. Nikamweleza na uongo wangu, na maandishi mekundu niliyoyaondoa. Katikati ya maelezo nilijikuta nimepiga magoti, sikumbuki nilipiga saa ngapi. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alizigeukia taa za kijani.

"Kwa hiyo Koko alikuwa anaombea jicho langu," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na wewe ukafumba macho."

"Nilifumba."

Kwa kitambo kidogo nilifikiri atacheka. Hakucheka.

"Kaseti ilikuwepo," alisema.

Sikumwelewa.

"Kaseti yenyewe, Mama Faraja. Ilikuwa uvunguni mwa kitanda changu, kwenye gunia pamoja na zingine. Zilikuwa zimeota ukungu, lakini ile ingecheza hata mara moja zaidi. Ungeniambia siku ile ile. Ungeniambia hata wiki ile. Ningetoka hospitali nikairudia, nusu saa, kazi imekwisha." Alikuwa anaongea taratibu, na mimi ningependa anifokee. "Nilirudi, nikaona jina lake limo kwenye orodha. Na wewe ulikuwa umeniambia ulizima kwa adabu. Jumamosi kabla ya Pasaka nikazichoma zote, nyuma ya nyumba."

Moshi ule niliuona. Ulikuja mweusi, unanuka plastiki, ukapita juu ya uwanja wangu, na mimi nilitoka nikaanua nguo za Faraja kwenye kamba zisishike harufu, nikaingia ndani nikafunga dirisha.

Niliinuka niondoke, nikijua kwamba mtu huyu hatanisemesha tena.

"Kaa," alisema, kwa ile sauti ya mazoezi. Nikakaa. "Imekatikia wapi?"

"Mwanzo wa ubeti wa pili. Anavuta pumzi, halafu basi."

"Ubeti wa pili." Alifungua droo, akatoa karatasi ya nota aliyoiandika mwenyewe zamani, akaiweka mapajani bila kuitazama. "Hapo niliandika ashuke. Yeye hakuwa anaimba nilichoandika. Alikuwa na namna yake, kila mara tunagombana, namwambia fuata nota, mama, na yeye anacheka tu. Siku ile tulikuwa wawili, hakuna wa kuharibikiwa. Nikamwacha aimbe anavyotaka. Ndicho nilichotaka kukisikia."

Akabonyeza. Mvua ikasikika juu ya bati, na yule mama akaanza. Mwalimu alikuwa ameegemea kiti, midomo yake inafuata maneno, machozi yanamtoka jicho zima na jicho lililopasuliwa. Mimi zile sekunde nazijua zote, nilijua zinapoishia, nikajikaza. Mama akavuta pumzi. Kimya kilipoingia, Mwalimu aliendelea mwenyewe kwa ile sauti yake nzito, akashuka kama karatasi ilivyosema, akasimama. Akatikisa kichwa. Akarudia, safari hii akapanda. Akatikisa kichwa tena. Akajaribu namna ya tatu, chini kidogo kisha juu, sauti ikamkatikia, akajaribu ya nne, na ya nne nayo akaiacha njiani.

Akanigeukia. Uso wake ulikuwa umejaa hofu, na sikuwahi kumwona Mwalimu akiogopa.

"Alipanda au alishuka?" aliniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia, akaniangalia, akasubiri nimjibu.